Shingo imepatikana, sasa tunatafuta plasta: wito wa harambee

Wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na majirani, hamjambo.

Wengi mmeuliza kwa nini mchoraji wetu amemaliza wiki tatu akichora mwanamke yule yule kwa makaa, na ukuta wa shule tunaotaka auchore picha bado mtupu. Hata mweka hazina ameuliza, tena mkutanoni.

Mwanamke huyo atasimama katikati ya ukuta unaotazama barabara, amebeba jiwe la kujengea darasa la kwanza, enzi zile za shule za harambee. Mzazi mmoja kijana alikubali kuchorwa, gunia la mchanga mgongoni. Michoro mitano ya kwanza ilitupendeza sote. Kisha nyanya mmoja aliyeyabeba mawe yale mwenyewe akaitazama, akacheka. "Huyu amebeba mto wa kulalia. Uzito hauko mgongoni, mwanangu, uko shingoni." Kamba ikipita kwenye paji la uso, shingo ndiyo inayovuta. Mchoro wa sita una shingo hiyo, kidevu kimeinama, vidole vimekaza kamba karibu na masikio.

Karatasini kosa hufutwa kwa kipande cha mkate. Ukutani, kila mraba wa sentimita 5 uliopigwa juu ya mchoro utakuzwa uwe wa sentimita 50. Penseli ikiteleza milimita 3, shingo inapinda sentimita 3, na matatu zote zitaiona.

Nasi wa Murang'a tunajua picha ya ukutani inavyodumu. Pale kanisa kuu la Kianglikana, Elimo Njau alichora maisha ya Yesu katika mandhari ya Kiafrika miaka ya 1950, na mpaka leo wageni huja kuitazama kazi yake.

Tunahitaji shilingi 140,000, tunazo 52,000. Kinachokula pesa ni plasta. Sehemu ya chini ya ukuta inanyonya maji ya mvua, na rangi ikipakwa juu ya unyevu itabanduka kabla ya mwaka. Halafu kuna rangi ya nje, kukodi vyuma vya kupandia, na ujira wa mchoraji, ambaye hatutamlipa kwa chai na shukrani.

Kadi za harambee ziko kwa walimu wa madarasa. Asiye na pesa alete saruji au mchanga, tutaupima na kuuandika. Siku ya harambee michoro yote sita itatundikwa darasani. Anayetaka kuikosoa awahi, kabla nyanya hajafika.