Shemeji, hakuna anayekulazimisha kuchagua

Shemeji,

Umeniambia zaidi ya mara moja kwamba kura ni haki, na haki hailazimishwi. Hoja ina uzito. Ila unachokiogopa sicho kinachotendeka kule ambako kura ni lazima.

Chukua Australia, ambako sheria hiyo ipo kwa uchaguzi wa taifa tangu 1924. Unafika kituoni, jina linatiwa alama kwenye daftari, unapewa karatasi, unaingia kibandani peke yako. Humo hakuna karani wala askari. Ukiamua kuchora katuni juu ya majina ya wagombea wote, ikunje, itumbukize sandukuni, ujiendee zako. Kwa kuwa kura ni siri, wanachoweza kukubana nacho ni kufika tu. Usipofika unaandikiwa barua ya kuulizwa sababu. Ukiwa na udhuru yameisha. Usipokuwa nao, faini ni dola 20 za Australia. Mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Mwaka 1925 walipita 91.

Lakini idadi siyo inayonishawishi. Kinachonishawishi ni nani hubaki nyumbani. Mara nyingi ni vijana na watu wa kipato cha chini, na wanasiasa wanalijua hilo kuliko sisi. Kwa nini mgombea ahangaike na mtaa ambao hauendi kituoni? Atatengeneza sera za wanaokwenda, na kwa hesabu zake hajakosea.

Chile walilionja hili. Waliondoa ulazima mwaka 2012, na jijini Santiago mitaa ya maskini ikawa inajitokeza kidogo kuliko ya matajiri. Mwaka 2020 waliulizwa kama wanataka katiba mpya: karibu nusu ya wapigakura ndio waliokwenda, na asilimia 78 wakasema ndiyo. Mwaka 2022 ulazima ukarudishwa kwa ajili ya kupigia kura rasimu yenyewe. Wakajitokeza kama asilimia 85, na rasimu ikaangushwa kwa takriban asilimia 62. Najua, maswali yalikuwa mawili tofauti, na wapo waliobadili mawazo njiani. Hata hivyo, mamilioni waliokuwa kimya walikuwa na lao la kusema, na walioandika rasimu hawakuwa wamelisikia.

Utaniambia kumsukuma asiyejali ni kujaza sanduku kura za kubahatisha. Zitakuwepo, sikatai. Zipo hata sasa, tena kutoka kwa watu wanaojiona wajuzi!

Ninapokubaliana nawe ni kwenye adhabu. Brazil, asiyepiga kura na asiyejieleza wala kulipa faini anaweza kunyimwa pasipoti. Hapo wamevuka mpaka. Kutokufika kituoni hakustahili kumfungia mtu safari. Na serikali nayo ibanwe kabla ya raia. Waaustralia hupiga kura Jumamosi, wanaweza kupiga mapema au kwa posta, na zipo timu zinazopeleka masanduku hospitalini na vijiji vya mbali. Serikali inayoweka kituo mwendo wa nusu siku, siku ya kazi, halafu idai faini, hiyo inatafuta hela tu.

Kwa hiyo niweke kwenye kundi la wanaounga mkono ulazima, kwa faini ndogo, udhuru unaosikilizwa, na nafasi kwenye karatasi ya kura ya kusema "simtaki yeyote". Hiyo nafasi ya mwisho nimeiweka kwa ajili yako, maana najua utaitumia.