Boksi ni zima, kilichozimwa ni seva

Mhariri,

Huduma iliyokuwa ikitupa chaneli za televisheni kwa njia ya intaneti imefungwa, na hapa Mtwara maboksi ya Android tunayochomeka kwenye televisheni yanapelekwa kwa mafundi kana kwamba yameungua. Hayajaungua. Boksi hupokea tu. Picha hutoka kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazorusha chaneli, na seva zikizimwa hakuna fundi wa kuzirudisha.

Linalotuuma ni kuona mtu anaongeza bando juu ya bando akidhani mtandao ndio mbovu. Kabla ya kununua, fungua YouTube kwenye boksi hilohilo. Ikicheza huku chaneli zote zimegoma, tatizo ni seva. Ikigoma chaneli moja tu, tatizo ni la chaneli hiyo. Zikikwama saa mbili usiku na alfajiri zinacheza vizuri, mnara unazidiwa na watu. Na bando lenyewe lina hesabu: kila Mbps 1 ya kasi ya intaneti hula MB 450 kwa saa. Picha safi ya Mbps 3 ni GB 1.35 kwa saa, kwa hiyo mechi moja pamoja na mapumziko yake inapita GB 2.

Kufuta programu hakusitishi malipo. Aliyejiunga kupitia Play Store aguse picha ya akaunti yake, aingie sehemu ya malipo na usajili, kisha aghairi. Aliyelipa kwa simu atunze ujumbe wa muamala wenye tarehe na namba ya kumbukumbu, kwa sababu bila huo dai la siku zilizobaki halina ushahidi.

Sasa wamejitokeza wauzaji wa "orodha", yaani viungo vya intaneti vya kufungulia chaneli za dunia nzima, kwa bei ya kutupa. Tunawasihi ndugu zetu wasinunue. Hayo ni matangazo ya wizi: mtu analipia kisimbuzi kimoja, anarusha upya kwa maelfu bila kibali, na siku wenye haki wakimkamata skrini inakuwa nyeusi na simu ya muuzaji haipatikani. Kibaya zaidi, ili kuweka programu hiyo utaambiwa uruhusu vyanzo visivyojulikana, yaani programu zisizotoka Play Store. Programu ya namna hiyo inaweza kuiba nywila au kupitishia shughuli za watu wengine kwenye intaneti yako. Ukiona bando linapungua wakati hakuna anayetazama, chomoa boksi, kisha ulirudishe kwenye hali ya kiwandani.

Boksi lenyewe msilitupe. Linacheza YouTube na filamu za kwenye flashi. Ila angalieni adapta! Maboksi mengi ya Android hutumia volti 5, visimbuzi vingi vya dishi hutumia volti 12, na mara nyingi plagi zao za duara zinafanana kabisa. Ukichomeka ya volti 12 kwenye boksi la volti 5, unasikia harufu ya kuungua na hapo ndipo linakufa kweli. Soma maandishi ya "output" kwenye adapta, kisha uibandike karatasi yenye jina la kifaa chake.

Anayetaka chaneli za nyumbani bila bando atumie antena ya UHF na televisheni yenye DVB-T2, yaani kipokezi cha dijitali cha antena ndani yake, au kisimbuzi cha antena. Huku pwani, Shangani hadi Mikindani, adui ni chumvi. Ukikuta picha inakatika vipandevipande, fungua kiungio cha waya kule juu: shaba ikiwa imeota kutu ya kijani, kata sentimita chache, funga kiungio kipya, kizungushie utepe wa mpira, na uache waya ulegee chini yake ili maji ya mvua yadondoke yasiingie ndani. Njia hii haitegemei intaneti, na Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazoleta intaneti zilipokatika, wengi waliona faida yake.

Kwa kampuni tunasema wazi: Sony ilipofunga PlayStation Vue, huduma yake ya chaneli kwa njia ya intaneti kule Marekani, ilitangaza Oktoba 2019 na kuzima Januari 30, 2020. Wateja walipata miezi mitatu ya kujipanga. Mteja wa Mtwara aliyelipia mwezi mzima naye anastahili kuarifiwa mapema, kwa Kiswahili, kwa ujumbe wa simu, na kurudishiwa fedha ya siku alizokosa kwenye namba ileile aliyolipia.

Mafundi wa televisheni,
Mtwara Mjini