Yadi yetu haikuwa kwenye orodha

Ohio, Jumamosi 27 Juni 2009

Kwako Baba Salma,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo, Mama Salma na watoto, na Bi Mkubwa miguu imempunguzia. Sisi huku Alhamdulillahi, afya ipo. Niwie radhi kwa kimya hiki. Ujumbe wako wa mwezi wa Mei niliusoma siku ile ile ulipofika, nikaanza kuujibu mara mbili, mara zote nikaacha njiani. Leo nimeamka sina pa kwenda, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yetu kubwa kazini, basi nimekaa mezani nikuandikie.

Uliniambia: nasikia huko yadi zafungwa, magari yauzwa bei ya kutupa, nitafutie pikapu moja ya Kimarekani, mimi nitaipokea Kilindini. La pikapu jibu lake fupi. Usukani uko kushoto, na Kenya haisajili usukani wa kushoto, na wewe ndiye unayetoa magari bandarini kila siku ya Mungu. Tamaa ya pikapu imekusahaulisha kazi yako, yakhe! Lakini si hilo lililonifanya nishindwe kukujibu. Ni kwamba katika hizo yadi unazozisikia zimefungwa, yetu imo. Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa iliyopita, tarehe 19. Mama hajui bado. Nitalifikia hilo.

Habari zilizofika huko najua ni zile za televisheni. Chrysler, wale watengenezaji wa magari, waliingia mahakamani tarehe 30 Aprili kuomba kinga ya muflisi, na tarehe 14 Mei wakapeleka orodha ya mawakala 789 wanaotaka kuwaacha, kati ya 3,181 waliokuwa nao. Robo nzima. Kesho yake GM, yaani General Motors, nao wakawaandikia mawakala wao kiasi cha 1,100 kwamba mkataba ukimalizika mwakani hautaendelezwa. Alhamisi ile ya tarehe 14 kwetu, wauzaji wa Chrysler, hakuna gari lililoguswa. Mzee wetu, mwenye yadi, aliichapisha ile orodha, akaketi nayo ofisini, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza na kuanza kuiteremsha, jina kwa jina, na sisi mafundi tumejazana mlangoni na grisi zetu mikononi. Alipofika Ohio alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Tulikuwa hatumo. Akarudi mwanzo wa Ohio, akasoma upya, rula inatetemeka. Hatumo. Akatoa pesa mfukoni akamtuma kijana wa kuosha magari akanunue pitsa za watu wote, na dada wa idara ya spea alilia pale pale kwa furaha. Mimi nilipiga simu nyumbani kumwambia mke wangu, tumepona.

Wiki tano baadaye tukafungwa, na si kwa barua ya kiwanda.

Ngoja nikueleze, maana yadi ya huku si kama zenu za Mombasa. Kwenu mtu huagiza magari yake Japani, kwa pesa yake au ya shemeji yake, ubao wa jina ni wake, akikosa wateja hupunguza bei au husubiri. Huku wakala ana mkataba na kiwanda wa kuuza magari yake, lakini haletewi magari kwa amana. Gari likishapakiwa kwenye lori, kiwanda kimeshalipwa, na aliyelipa ni benki, kwa jina la wakala. Kila gari jipya unaloliona linameta pale nje lina deni lake, na deni lina riba inayohesabiwa kila siku, Jumapili na sikukuu. Gari likiuzwa, benki hulipwa kwanza, kinachobaki ndicho cha wakala. Magari yakitoka, mambo huenda. Yakikaa, kila asubuhi unaamka na deni kubwa kuliko la jana.

Na yamekaa. Mwaka jana mwezi wa Julai petroli ilipita dola 4 kwa galoni, watu wakayakimbia mapikapu na magari makubwa, na sisi ndiyo yaliyotujaa. Septemba ile benki kubwa ya Lehman ikaanguka, benki zikafunga mikono, hata mtu mwenye kazi nzuri akija na hamu ya gari anakosa wa kumkopesha. Mwaka 2007 Marekani nzima iliuza magari zaidi ya milioni 16. Mwaka jana yalikuwa kama milioni 13. Mwaka huu, kwa mwendo huu, hata milioni 10 wanasema ni kwa bahati. Kile kiwanda cha GM cha Moraine, karibu na Dayton, ambako yule ndugu yake Kapteni alikuwa akifanya kazi, kilifungwa tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi yao.

Basi Jumatatu ya kwanza ya Juni akaja bwana wa benki. Si mara yake ya kwanza, alikuwa akija kila mwezi kuhesabu. Hutembea na karatasi zake kati ya magari, huinama mbele ya kioo, husoma namba ya chasisi iliyo pembeni ya dashibodi, hutia alama, huenda la pili. Tulikuwa na magari 64. Safari hii alikuta 63, akasimama, akaita mzee. Lile moja lilikuwa na mteja, ametoka kulijaribu barabarani. Bwana yule hakwenda popote, alisimama pale juani na karatasi zake mpaka gari likarudi, akainama, akasoma namba, akatia alama. Miaka tisa nimefanya kazi pale, yeye huja na kwenda na kahawa tunamtilia, na siku ile hakuinywa. Nikajua.

Wiki ile ile benki ikamwandikia mzee kwamba haitakopesha tena magari mapya, na kwa yale ya mwaka 2008 ambayo hayajauzwa alipe sehemu kubwa ya deni ndani ya siku kumi. Alikuwa nayo 11. Akahangaika na benki nyingine tatu. Zote zilimkaribisha vizuri na zote zilimwambia kitu kimoja: kwa sasa hatukopeshi yadi za magari. Baba yake ndiye aliyeifungua yadi ile, na yeye alianza kuosha magari pale akiwa mtoto wa shule. Sikumbuki kumsikia mtu akimdai akakataa kulipa. Wako wenye yadi ambao wakibanwa huuza gari wakaikawiza pesa ya benki, wakalipa nayo mishahara. Yeye hakufanya hivyo. Mimi nimemwona akiuza gari saa kumi na moja jioni na kesho asubuhi hundi ya benki imeshaandikwa.

Malori yalikuja Jumanne tarehe 16. Unajua malori ya kubeba magari, yale marefu ya ngazi mbili. Miaka yote nimeyaona yakija yamejaa na kurudi matupu, siku ile yalikuja matupu. Kila Ijumaa jioni tulikuwa tukifunga mapulizo mekundu na meupe kwenye vioo vya magari, ili Jumamosi wapita njia waone, na ya wiki ile hayajaondolewa. Dereva wa lori alipanda na gari la kwanza na pulizo lake linapepea, mzee akamwambia subiri. Akatoka na kisu kidogo cha mfukoni, akapita gari moja moja akikata nyuzi, zote 64, mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Mapulizo yalikuwa yameshanyauka hata hayakuruka, yalianguka tu kwenye lami na kubingirika.

Sasa nikwambie linalonikereketa, na nimelizungusha kichwani wiki nzima. Kila ninayekutana naye msikitini Columbus ananiuliza, vipi, nyinyi mlikuwa kwenye orodha? Nikisema hapana, uso wake unachangamka, anasema Alhamdulillahi, nami nabaki nimesimama sijui niseme nini. Wale 789 mahakama iliwapitishia hukumu tarehe 9, na ni dhuluma, siwapunguzii uchungu wao. Lakini wana wakili, wana namba, wana wa kumlalamikia. Tarehe 3 mawakala walikaa mbele ya kamati ya Seneti kule Washington, Seneta Rockefeller akiwa mwenyekiti, mabwana wakubwa wa viwanda wakaulizwa maswali mbele ya taifa zima. Mzee alitazama yote pale kwenye chumba cha wateja, amesimama, hakuketi. Yeye angekwenda kumwambia nani? Hayumo kwenye orodha ya mtu. Ni mtu na benki yake, barua ya ukurasa mmoja. Na wako wangapi kama yeye kwenye miji midogo, waliozima taa bila ya mtu kuwahesabu!

Viwanda vinasema mawakala wamezidi. Kwamba Toyota ana mawakala kama 1,200 tu nchi nzima, na GM wako karibu 6,000, kwa hiyo wanagombania wateja wale wale na kuvunjiana bei. Hilo nalielewa, mjini unaweza kuona yadi mbili za jina moja zinatazamana. Lakini wakala ndiye anayenunua gari, ndiye anayelipa riba, umeme, mishahara, hata ule ubao wa jina hulipia yeye. Kumfunga yeye kunakiokolea kiwanda nini? Nimewauliza watu wazima wenye elimu, sijapata jibu lililonikaa. Na mji wetu hauna yadi mbili. Ilikuwa moja hiyo. Bibi mwenye shamba la mahindi njia ya kaskazini, ambaye lori lake nalihudumia mimi tangu nimefika, sasa itambidi aende dakika hamsini kupata matengenezo ya udhamini. Watoto wa besiboli wa pale mjini wanavaa fulana zenye jina la yadi mgongoni, na wataendelea kuzivaa msimu huu mpaka zichakae.

Siku za mwisho tulihesabu spea, mimi na yule dada. Rafu kwa rafu. Filta za oili, mikanda, plagi, pampu za maji za magari ambayo hayatengenezwi tena, kila kimoja na kijikaratasi chake cha bei. Kuna boksi moja lilikuwa na vibanio vya plastiki vya milango, senti chache kimoja, akavihesabu vyote mpaka mwisho, mia mbili na kumi na saba, akaandika. Nikamwambia, dada, nani atakiangalia hiki? Akasema mimi ndiye niliyeviagiza.

Kwangu hali ndiyo hii. Malipo ya wasio na kazi nimeomba, bado hayajaanza. Sanduku langu la vifaa (huku fundi hununua vifaa vyake mwenyewe, kwa mkopo, na mkopo wangu haujesha) limo sebuleni, kubwa kama friji, watoto wanalichorea kwa vidole vumbi likitua. Gereji za mtaani nimezunguka nne. Moja imeniahidi siku mbili kwa wiki, kazi za oili na matairi. Nimekubali.

Kwa hiyo nakuomba haya, ndugu yangu. La kwanza, fundi wa kule Mtwapa msimamishe. Najua ameshafika lenta. Apige lenta amalize, saruji iliyobaki isiharibike, halafu afunike kuta na aende, mwambie ni mimi niliyesema na si kwa ubaya wa kazi yake. Akidai cha wiki hii mpe kutoka kwenye ile akiba uliyonishikia. La pili, ada ya mtoto wa dada ya muhula ujao bado iko, usiiguse kwa lolote lingine, hata mimi nikikupigia simu nimekata tamaa nikakwambia uiguse. La tatu ni la mama. Asisikie kwa mtu. Nitampigia mwenyewe Ijumaa baada ya sala, lakini nataka uwe pale, ukae naye, maana akisikia sauti yangu peke yake atadhani namficha kitu kikubwa zaidi.

Na wewe nijibu, usikae kimya kama nilivyokaa mimi. Bandarini kukoje, magari ya Japani bado yanashuka kama zamani au na nyinyi mmeanza kuhisi? Zile yadi za barabara ya kwenda uwanja wa ndege zimebaki ngapi? Kuna anayetafuta fundi wa kupima gari kwa kompyuta, na hulipa nini kwa mwezi, nieleze kweli bila kunitia moyo? Kapteni amepata habari za nduguye? Salma ameshaingia kidato cha kwanza? Mwalimu bado anadai kile kitabu chake? Na ukuta wa upande wa jirani kule kiwanjani, ulikwenda kuutazama kwa macho yako au uliambiwa tu kwamba umenyooka?

Nisalimie wote. Mke wangu anakusalimu, anasema Mama Salma asisahau kumtumia namba mpya ya simu.

Ni mimi nduguyo,
Baba Ilyas