Gita lililobebwa Beale Street

Tanga,
7 Juni 2015

Ndugu yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na naomba radhi kwa kuchelewa kuijibu. Habari ya kifo cha B.B. King, yule mpiga gita na mwimbaji wa blues, muziki wa Wamarekani weusi, niliisikia redioni: alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei, akiwa na umri wa miaka 89. Chai ilipoa mbele yangu.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi wapenzi wake walivyomsindikiza. Mwili ulipelekwa Memphis, ukapitishwa Beale Street, mtaa uliomjua tangu ujana wake, na mbele ya gari la maiti alitembea mtoto wa marehemu Bobby Bland, mwimbaji mwenzake wa blues, amelibeba mikononi gita jeusi la B.B., liitwalo Lucille. Kisha msafara ukaelekea Mississippi, na tarehe 30 Mei akazikwa Indianola, mji ambao alipokuwa kijana alikaa kwenye kona ya barabara akipiga gita. Mwenyewe alisimulia kwamba akipiga nyimbo za dini watu walimsifu, akipiga blues walimpa sarafu.

Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini gita lina jina la mwanamke, nikamsimulia kisa unachokijua: mwaka 1949, katika ukumbi wa dansi huko Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kupasha ukumbi joto, na B.B., aliyekwisha kutoka salama, akarudi ndani ya moto kuliokoa gita lake. Baadaye akaambiwa kwamba waligombania mwanamke aitwaye Lucille. Mtoto akasema huyo babu alikuwa mjinga. Nikamjibu kwamba hata mwenyewe alikiri hivyo, ndiyo maana akalipa gita jina hilo, asije akarudia.

Tena najilaumu, kwa sababu mwaka 1974 B.B. alikuja kupiga gita Kinshasa, katika tamasha lililoambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na sisi wakati ule masikio yetu yote yalikuwa kwenye ngumi.

Wewe ulikuwa ukisema B.B. ni mvivu, eti anapiga sauti moja pale ambapo wenzake wangepiga kumi. Jana nimeitafuta ile kaseti yake, nikaukaza utepe kwa kalamu ya biki, nikasikiliza. Anaimba mstari, ananyamaza, kisha gita linamwitikia: anauvuta uzi mmoja na kuutetemesha kwa kidole mpaka unalia kama mtu. Hakuwa na desturi ya kuimba na kupiga kwa pamoja, bali alimwachia Lucille zamu yake. Bado nashikilia kwamba ulikosea.

Ukija Idi, njoo na redio kaseti yako, maana yangu imeanza kutafuna utepe, nami sina kaseti nyingine ya mzee huyu.

Wako wa siku zote,
Sahibu yako wa Tanga