Mtoto akitolewa jicho, tundu lisiachwe tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako.

Binti yangu alitolewa jicho la kushoto akiwa na miaka miwili kwa sababu ya retinoblastoma, ile saratani ya watoto ambayo mboni hung'aa nyeupe kama jicho la paka usiku. Walimwokoa, na nawashukuru mpaka leo. Lakini tundu lilifungwa tupu. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani huwekwa tufe dogo, mfano wa goroli, kujaza nafasi ya jicho lililotoka.

Sasa ana miaka saba. Jicho lake la bandia ilibidi liwe nene ili lizibe pengo. Uzito wake umelegeza kope ya chini, na ya juu imedidimia. Tena mfupa wa tundu la jicho la mtoto hukua kwa kusukumwa na kilichomo ndani. Kisipokuwepo kitu, upande huo wa uso hubaki nyuma. Nauona kila ninapomsuka nywele.

Yapo matufe ya bei kubwa, yenye vitundu ambamo mishipa ya damu huota. Ya mwanzo yalitengenezwa kwa matumbawe ya baharini. Ni mazuri, ila mzazi wa kawaida hayawezi. La akriliki ni rahisi zaidi. Ni plastiki ya jamii ileile ya meno ya bandia, na ya lenzi aliyoiweka daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, ndani ya jicho la mgonjwa kule London mwaka 1949. Mwili huivumilia. Misuli ya jicho ikishonwa vizuri mbele ya tufe, jicho la bandia husogea kiasi kufuata mwenzake. Ipo pia njia isiyohitaji kununua tufe: kipande cha ngozi ya ndani na mafuta kutoka kwenye tako la mgonjwa mwenyewe, ambacho kwa mtoto mdogo huweza kukua pamoja naye.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe tufe la akriliki, la saizi za watoto na watu wazima, liko tayari kila chumba cha upasuaji kinapotoa jicho. Nanyi wazazi wenzangu, kabla ya kutia saini ile karatasi, mwulizeni daktari: ndani mtaweka nini?

Binti yangu anasubiri upasuaji wa pili. Tumeelezwa utakuwa mgumu kuliko ule wa kwanza, maana nyama za ndani zimeshasinyaa.

Mama mzazi,
Morogoro