Mjomba, yale mabenchi ya mvule yasitoke

Shikamoo Mjomba,

Tangu tuongee Jumatano sina raha. Kumbe usharika umeshaamua: mabenchi ya mvule yauzwe, viti vya plastiki viingie, na yale maboriti yafichwe kwa dari ya jipsamu. Ukaniuliza, “Mimi mzee wa kanisa mmoja nitabishana na wangapi?” Nikakosa la kusema. Nakujibu leo, tena hadharani, kwa sababu wenzako kwenye baraza nao ningependa wasome.

Jumamosi sikuwa na zamu, nikapanda basi hadi Blythburgh, kijiji cha huku Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Kanisa lao la Utatu Mtakatifu limekaa mwinuko kidogo juu ya mto Blyth, na bahari ikijaa maji huja mpaka kwenye tope la chini yake. Kuta ni za mawe ya gumegume, maana eneo hili halina jiwe zuri la kuchonga. Sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 15, enzi ambazo hapa palikuwa na bandari na biashara. Baadaye mto ukajaa mchanga, biashara ikahama, kanisa likabaki.

Ukiingia, mwanga ndio unaokupokea. Juu ya matao ya nguzo kuna safu ya madirisha, 18 kila upande, na vioo vyake ni vyeupe. Halafu unainua macho. Mjomba, nilikaa chini. Paa limelala karibu tambarare, boriti nene za mwaloni zimevuka toka ukuta hadi ukuta, na katikati ya boriti wapo malaika wa mbao, wawili wawili, mmoja anatazama madhabahu na mwenzake anatazama upande wa mnara, mabawa wameyakunjua. Rangi yao ya zamani bado ipo, nyekundu na kijani iliyopauka. Hakuna aliyeandika jina la fundi. Nilikuwa nakuwaza wewe na patasi yako: yule mtu alichonga manyoya ya bawa moja moja, akijua yatakaa juu kiasi kwamba hakuna atakayeyaona vizuri.

Nao wamepita mengi. Tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, dhoruba iliangusha kilele cha mnara ndani ya kanisa. Mwanamume mmoja na mvulana wakafa. Aprili 1644 akaja William Dowsing, mtu aliyepewa kazi ya kuondoa picha na sanamu makanisani, akaagiza malaika 20 washushwe. Nadhani paa kuwa juu sana ndiko kulikowaokoa. Kwa miaka mingi watu walisema risasi zilizokutwa kwenye mbao ni za askari wake, lakini hesabu za kanisa zinaonyesha malipo ya mwaka 1761 kwa watu waliopiga bunduki ndege wa jamii ya kunguru waliojazana humo ndani.

Sasa mabenchi, maana ndiyo yaliyonipeleka. Kwenye ncha za mabenchi kuna visanamu vya ukubwa wa kopo la maji. Mvivu amekaa kitandani kwake. Mchoyo ameketi juu ya kasha la fedha. Mlafi amelishika tumbo. Msengenyaji ametoa ulimi nje, na nilipompapasa kichwani nilikuta pamelainika kama kokwa la embe, kwa mikono ya watu waliojishikia hapo wakiinuka kusali, miaka mia tano na zaidi. Mbao zimepasuka hapa na pale. Hakuna aliyezipiga vanishi ing’ae.

Usidhani wao walikuwa na fedha kutuzidi. Paa lilivuja mpaka waumini wakawa wanafungua miamvuli ibadani, na mwaka 1881 kanisa likafungwa kwa kuwa hatari. Ilipofika kutengeneza, mabishano yakachukua miaka. Chama cha kulinda majengo ya kale, alichokianzisha mbunifu na mwandishi William Morris mwaka 1877, kilishikilia jambo hili: kilichochakaa kizibwe, kiungwe, kisifanywe kipya. Maneno hayo yapeleke barazani kama yalivyo.

Mabenchi yetu Babu aliyapasua kwa msumeno wa watu wawili, wewe ukiwa upande wa pili, hukuwa umemaliza hata darasa la saba. Yana kunguni, wanasema. Kunguni huuawa. Yanachukua nafasi, wanasema. Basi yasogezwe ukutani siku za harusi.

Kabla ya Jumapili nenda na tochi, upande wa akina mama, benchi la tatu toka mbele. Inama chini ya kikalio. Babu alipiga alama yake pale kwa patasi, mistari mitatu na mmoja unaikata. Ipige picha unitumie, na kikao kikianza wapitishie simu waione.

Mpwa wako, Suffolk