Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli za Chama kwa Mwaka 2024

Ndugu Wanachama,

Assalaam alaykum.

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wapenzi wa muziki na filamu, nasimama mbele yenu kuwasilisha taarifa ya kazi tulizozifanya mwaka 2024. Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo nitazitaja kwa ufupi. Tulikutana kila Alkhamisi ya mwisho wa mwezi kusikiliza santuri, isipokuwa katika mwezi wa Ramadhani, tukaonyesha filamu nne, tukatembelea skuli mbili, tukashiriki msiba wa mwanachama mwenzetu, na tukaitengeneza spika iliyoungua mwezi wa Mei. Kamati ya Utendaji ilikutana mara sita kati ya vikao vinane vilivyopangwa.

Jambo ambalo naona ni wajibu wangu kulieleza kwa urefu ni uamuzi wa kuionyesha filamu ya tamasha la Queen, bendi ya roki ya Uingereza, lililofanyika Montreal, Kanada, badala ya lile la uwanja wa Wembley, London, tulilolizoea, na kulihamisha onyesho letu kubwa la mwaka kutoka tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa mwimbaji wake, Freddie Mercury, hapa Unguja mwaka 1946, kwenda tarehe 24 Novemba. Nimeyasoma yote yaliyoandikwa katika kundi letu la WhatsApp, pamoja na ujumbe ulionieleza kuwa ni mtu wa kujiamulia peke yangu. Napenda kuweka wazi kwamba jambo hili lilifikishwa mbele ya Kamati kwa barua niliyoiandika mwenyewe, kwamba wajumbe watano kati ya tisa walihudhuria kikao hicho, na kwamba wanne kati yao waliridhia. Wajumbe wanne ambao hawakufika walikuwa na taarifa ya kikao siku kumi kabla.

Hakuna anayeikana hadhi ya Wembley, na mimi ni wa mwisho kuikana. Usiku ule wa Jumamosi, tarehe 12 Julai 1986, watu wapatao 72,000 walijaa uwanjani, na Freddie, katika koti lake la manjano, aliwarushia sauti wakamrudishia neno kwa neno kama kibwagizo cha tarab. Wiki nne baadaye, tarehe 9 Agosti, bendi ilipiga Knebworth, na huo ukawa mwisho wa Freddie kusimama jukwaani na wenzake watatu mbele ya umma wa namna hiyo. Albamu ya Wembley ilitoka mwezi wa Mei 1992, miezi sita tu tangu afariki, na wengi wetu tuliipokea kama mtu anavyopokea barua ya marehemu. Mimi binafsi niliinunua Darajani ikiwa kanda mbili zilizorekodiwa upya, na upande wa pili wa kanda ya kwanza ulikwaruza mpaka nikaujua mkwaruzo wenyewe kwa moyo. Tangu chama kianzishwe tumeionyesha filamu ya Wembley mara nne, na mara tatu kati ya hizo ni mimi niliyesimamia maandalizi.

Hata hivyo, nguvu ya Wembley iko katika umati. Kamera zinapotoka jukwaani na kuupita uwanja, na mikono inapopigwa pamoja juu ya vichwa katika “Radio Ga Ga”, mtazamaji anavutwa na ule wingi. Montreal ni jambo jingine. Tarehe 24 na 25 Novemba 1981, bendi ilipiga katika ukumbi wa Montreal Forum siku mbili zilizopangwa mahsusi kwa ajili ya kupigwa picha, chini ya mwongozaji Saul Swimmer, na jukwaani walikuwamo wanne tu: Freddie Mercury, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa ngoma na John Deacon wa besi. Wembley walikuwa na mpiga kinanda wa kuwasaidia, Spike Edney. Montreal hapakuwa na wa tano, kwa hiyo kila sauti unayoisikia katika albamu ya Montreal unaweza kuitafuta katika picha na ukamwona mwenye nayo. Besi ya Deacon katika “Another One Bites the Dust” inasimama peke yake kama nguzo, na Freddie akiondoka kwenye piano kwenda mbele, piano inanyamaza kweli, na gitaa moja linabaki kuziba pengo.

Pale wasipoweza, hawadanganyi. Sehemu ya kati ya “Bohemian Rhapsody” ilirekodiwa mwaka 1975 kwa kupandanisha sauti zao juu ya sauti mara nyingi, na watu wanne hawawezi kuiimba jukwaani. Basi wao huondoka, jukwaa likabaki na taa na kanda iliyorekodiwa, kisha wakarudi kwa kishindo gitaa linapoingia. Mwanachama mmoja aliandika kuwa huo ni ulaghai. Kwa maoni yangu ni kinyume chake, kwa sababu wangeweza kujificha gizani na kujifanya wanaimba, na hawakufanya hivyo.

Hoja ya pili ni ya kiufundi, na naomba isikilizwe kwa utulivu kwa kuwa haikupewa nafasi katika mabishano yetu. Wembley ilipigwa kwa kamera za video, na picha ya video ya miaka ile ikikuzwa kwenye turubai kubwa inafifia na kuvuja rangi. Montreal ilipigwa kwa ukanda wa filamu wa milimita 35. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la “We Will Rock You”, mpaka mwaka 2007 ilipotolewa upya kwa jina la “Queen Rock Montreal” pamoja na albamu yake, na mwezi wa Januari 2024 ikaingia katika sinema za IMAX, zenye turubai kubwa mno, duniani, miaka 42 baada ya kupigwa. Ni taarifa hiyo ya Januari iliyonipa wazo. Waliokuwepo ukumbini kwetu walijionea wenyewe jasho likichuruzika shingoni mwa Freddie, na mkono wa Brian May ukipiga nyuzi kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki, katika gitaa ambalo yeye na baba yake walianza kulichonga nyumbani mwaka 1963 kwa mbao zikiwemo za meko kuukuu.

Kuhusu tarehe, usiku wa kwanza wa Montreal ulikuwa 24 Novemba 1981, na Freddie alifariki 24 Novemba 1991, miaka kumi kamili baadaye. Sikuona siku nyingine inayofaa zaidi. Nakubali kwamba Novemba ni msimu wa vuli na kwamba siku hiyo ya Jumapili mvua ilinyesha tangu alasiri. Sikubali kwamba mvua ndiyo sababu pekee ya viti kubaki vitupu. Wageni wasio wanachama walikuja 38, wengine kutoka Fuoni na Mwanakwerekwe, wakiwa wamelowa. Wanachama waliokuja walikuwa 19, na wengi wa waliokosekana wanaishi Mji Mkongwe, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Umeme ulikatika, hilo ni kweli, na jenereta ilichukua dakika kumi na moja kuwaka. Katika taarifa zilizosambazwa hapakuelezwa kilichotokea ndani ya dakika hizo. Tulikuwa katikati ya “Love of My Life”, wimbo ambao katika albamu ya 1975 una piano na kinubi, lakini jukwaani hubaki na gitaa la Brian May, Freddie na watu wa ukumbi wanaouimba kwa niaba yake. Giza lilipoingia, watu wa Montreal walinyamaza pamoja na spika, na wasichana wawili wa safu ya nyuma wakaendelea na ubeti mpaka mwisho, bila gitaa, mvua ikipiga bati juu yetu. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuiona filamu ile, bali wimbo aliujua kwa simu ya kaka yake. Kila nikiulizwa kwa nini tunatumia fedha za chama kwa tamasha la zaidi ya miaka arubaini, nawakumbuka wale wawili, ambao walizaliwa muda mrefu baada ya Freddie kufa.

Hesabu kamili anazo Mshika Fedha. Kwa jumla, tulianza mwaka na salio la shilingi 312,000. Ada na michango ya maonyesho mengine vilileta 1,625,000, na kiingilio cha usiku wa Montreal 190,000. Usiku huo uligharimu 1,150,000, yaani ukumbi 350,000, projekta na spika 280,000, jenereta na mafuta 120,000, na kibali cha kuionyesha filamu 400,000, kwa kuwa sikukubali chama chetu kionyeshe nakala ya wizi kama ilivyopendekezwa na baadhi yetu. Matumizi mengine yalikuwa 410,000. Salio ni 567,000. Onyesho lilipata hasara ya 960,000, nami siifichi.

Lakini hasara hiyo isomwe pamoja na daftari la ada. Tuko wanachama 86. Waliolipa shilingi 30,000 kamili ni 31, waliolipa nusu ni 14, na 41 hawajalipa hata senti moja. Deni letu sisi kwa sisi ni shilingi 1,440,000, na lingelipwa kwa wakati tusingeijadili leo hasara ya Montreal. Nimewapigia simu wadaiwa wote mimi mwenyewe, wengine zaidi ya mara tatu, kwa gharama yangu. Inasikitisha kuona kwamba baadhi ya waliolalamika kwa nguvu zaidi kuhusu matumizi ya fedha za chama wamo katika orodha ya 41.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata projekta yetu wenyewe, kuwafikia vijana wa skuli zaidi, na kuandaa usiku wa kusikiliza albamu za Wembley na Montreal moja baada ya nyingine bila picha, ili masikio yaamue. Maombi ya kuirudisha Wembley nimeyapokea yote na yatafikishwa mbele ya Kamati. Waliotaka kuyajadili ana kwa ana nawakaribisha baada ya kikao hiki, baada ya kupita kwa Mshika Fedha, ambaye yupo mezani karibu na mlango na kitabu chake cha risiti.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti